Kabla hujakubali una taifodi, uliza damu yako ilioteshwa wapi

#1 Mpanzi_wa_Sahani (mwenye uzi)
Jumapili, saa 3:10 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi ni mtu wa maabara, meza ya mikrobiolojia, hospitali moja hapa Nairobi ambayo sitaitaja kwa sababu mshahara bado nauhitaji. Ijumaa nikiwa natoka kazini nilishikwa na dada mmoja pale kwenye benchi la kusubiri. Mkononi ana karatasi tatu za kliniki ya mtaani kwao. Februari: taifodi. Mei: taifodi. Juzi: taifodi. Zote tatu ni Widal, tone la damu kwenye kigae, majibu kabla hujamaliza soda, kisha sindano za siku tano. Akaniuliza, "Kaka, hii taifodi yangu imechukua kitambulisho?" Nikamuuliza kama kuna siku mtu yeyote aliiotesha damu yake. Akanitazama kama nimemwambia nataka kumpandia mahindi mkononi.

Widal ni kipimo cha mwaka wa 1896. Hakimtafuti bakteria, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulitengeneza ili kupigana naye. Kingamwili hizo hukaa miezi mingi baada ya ugonjwa kuisha, na magonjwa mengine ya joto, malaria ikiwemo, yanaweza kukiyumbisha kipimo chenyewe. Ni sawa na kuona alama za viatu vya matope mlangoni ukapiga nduru. Huenda ni mwizi, huenda ni fundi wa mfereji aliyepita wiki jana.

Kuotesha, yaani kumlisha bakteria maabara hadi aongezeke na kuonekana, ni kumshika mwenyewe shati. Shida ni kwamba choo cha binadamu kina bakteria mabilioni kwa kila gramu, wengi wao raia wema. Ukipaka choo hicho kwenye sahani ya chakula cha kawaida, kesho utakuta zulia. Kumpata Salmonella, jamii ya bakteria anayeleta taifodi, mle ni kutafuta mwizi wa mifukoni soko la Gikomba siku ya Jumamosi. Ndiyo maana tuna midia chaguzi: sahani yenye chakula, lakini chakula kimetiwa kitu cha kuwafukuza wale hatuwataki, na kitu kingine cha kuwaumbua wanaobaki.

Ya kwanza ambayo kila maabara inayo ni ya Alfred MacConkey, Mwingereza, ilichapishwa 1905. Alitia chumvi za nyongo. Fikirieni akili hiyo: bakteria wanaoishi utumbo wamezoea nyongo kama sisi tulivyozoea moshi wa matatu. Wale wa ngozini na wa vumbini wengi hawaiwezi, wanakwama mlangoni. Baadaye rangi ya kristali ya zambarau iliongezwa, nayo huzuia karibu wote wa Gramu chanya, kundi kubwa la bakteria ambalo hapa hatulitaki. Halafu kuna laktosi, sukari ya maziwa, pamoja na rangi inayogeuka asidi ikitokea. E. coli, mkazi wa kawaida wa utumbo, anakula laktosi, anatoa asidi, koloni (kidoa cha bakteria kinachoonekana kwa macho) linakuwa la waridi iliyokolea. Salmonella na Shigella (wa kuhara damu) hawaili, wanabaki wamepauka. Kwa hiyo kwenye MacConkey yule mwenye rangi nzuri mara nyingi ni mwenyeji. Wa kutiliwa shaka ni yule aliyepauka.

Ninayoipenda mimi lakini ni sahani iitwayo XLD. Aliyeitunga, 1965, ni Welton Taylor, Mmarekani mweusi ambaye kabla ya hapo alikuwa rubani katika Vita vya Pili vya Dunia. Sahani yake ni nyekundu, na ndani amepanga mitego kama mtu wa draughti pale Kariokor. Ametia sukari tatu, yaani zailosi kidogo, laktosi na sukrosi nyingi, na laisini, kijenzi cha protini. Karibu kila bakteria wa utumbo hula zailosi, anatoa asidi, mahali pake panageuka manjano. Shigella hali, anabaki mwekundu. Salmonella anaila kama wengine, lakini ikimwishia anaigeukia laisini, anaivunja, na wekundu unarudi. Sasa utasema E. coli naye anaweza kuvunja laisini. Kweli, ila ana laktosi na sukrosi bado mezani, anaendelea kula, asidi inamzidi, anabaki manjano. Mwisho kuna thayosalfeti, chumvi yenye salfa, na chuma: Salmonella anatoa gesi ile ya yai viza, gesi inakutana na chuma, katikati ya koloni panakuwa peusi kama jicho la dagaa. Koloni jekundu lenye jicho jeusi. Kumi na mbili jioni, macho yamechoka, ukiliona hilo unaamka.

Mwenye swali aulize. Matusi peleka uzi wa siasa.

#2 Mama_Wawili_Umoja
Jumapili, saa 3:41 usiku

Kaka asante. Mimi wangu wa miaka sita amekuwa na joto siku nne, na wamesema taifodi kwa hiyo hiyo ya kigae. Hiyo ya kuotesha inachukua muda gani? Na alidungwa ile chanjo ya taifodi ya Julai 2025 iliyoenda pamoja na ya surua, sasa inakuwaje?

#3 Mpanzi_wa_Sahani
Jumapili, saa 3:58 usiku

Mama Wawili, kwanza joto siku nne kwa mtoto si la kusubiri uzi. Kesho asubuhi mpeleke hospitali yenye maabara ya kuotesha, apimwe na malaria pia, hasa kama mlikuwa mashambani upande wa ziwa. Akianza kutapika kila anachokunywa, akilegea au kushikwa na degedege usiku huu, usingoje hiyo asubuhi.

Kwa taifodi, mahali pa kuanzia ni damu, si choo. Wiki ya kwanza bakteria yuko kwenye damu. Na damu ni safi, haina umati wa Gikomba, kwa hiyo hatuanzi na sahani ya kufukuza. Damu inaingia kwenye chupa ya mchuzi wenye rutuba, inakaa nyuzi 37 hadi siku tano. Mara nyingi chupa ikiwa na kitu inajionyesha ndani ya siku tatu. Hapo ndipo tunatoa tone na kulipaka kwenye sahani, MacConkey ikiwemo.

Mambo mawili hufanya chupa itoke patupu. Damu kidogo: mtu mzima anafaa kutoa mililita 8 hadi 10 kwa chupa, mtoto kulingana na uzito wake. Na dawa: ukishameza antibiotiki kabla ya damu kutolewa, umempa mshukiwa nauli ya kutoroka. Hata kila kitu kikifanywa sawasawa, kuotesha damu hukosa wagonjwa wa taifodi wengi, kama wanne kati ya kumi. Kwa hiyo chupa ikitoka bure bado daktari anamtazama mtoto, hatazami karatasi peke yake.

Chanjo ile inafundisha mwili kumtambua Vi, koti la nje la bakteria. Widal inatazama O na H, sehemu nyingine za bakteria huyo. Kwa hiyo mtu asikwambie Widal imepanda kwa sababu ya chanjo hiyo. Inakinga sana, ila hakuna chanjo inayokinga mia kwa mia.

#4 Makanga_Mstaafu
Jumapili, saa 4:20 usiku

Boss, umeongea vizuri lakini hizo ni hadithi za wenye bima. Sisi huku tukienda kliniki tunataka kujua leo, kesho kuna kazi. Siku tano nikingoja chupa, nani ananilisha?

#5 Mpanzi_wa_Sahani
Jumapili, saa 4:26 usiku

Hapo umenigusa, na sina jibu la kukufurahisha. Lakini hesabu: yule dada amelipa sindano mara tatu tangu Februari. Chupa moja angelipa mara moja. Na hakuna anayekwambia ukae siku tano bila dawa. Ukiwa mgonjwa sana daktari anatoa damu, *kisha* anaanza dawa papo hapo, jibu likija anabadilisha. Mpangilio ndio muhimu, damu kwanza dawa baadaye.

#6 Mzee_wa_Darubini
Jumatatu, saa 12:35 asubuhi

Kijana umefundishwa vizuri, lakini umewaacha watu na jicho la dagaa kana kwamba limemaliza kesi. Niongeze, maana nimestaafu na asubuhi hazina shughuli.

Salmonella wengi wana jicho jeusi, kweli. Taifodi mwenyewe, Typhi, ana haya. Kwenye XLD mara nyingi anatoa kidoa kidogo tu cheusi, au hatoi kabisa. Mfanyakazi anayetafuta jicho kubwa jeusi atampita Typhi akimwona. Wa zamani tulipokuwa tunamtaka huyo hasa tulitumia sahani ya bismathi ya Wilson na Blair, ambapo hutoka mweusi unaong'aa kama sufuria mpya. Ila ni midia yenye kisirani: ikikaa inapoteza makali, ikiwa mbichi inaua hata unayemtafuta.

Upande wa pili yuko Proteus, bakteria mwingine wa utumbo. Huyu ni tapeli. Naye hatoi asidi ya laktosi, naye anatoa gesi ya yai viza, naye anaweza kukupa weusi katikati. Nimeona ripoti ya "Salmonella" iliyokuwa Proteus mtupu. Anaumbuliwa na yurea: unampanda kwenye mteremko wa yurea, yaani neli yenye midia iliyogandishwa kimshazari, baada ya saa chache umegeuka waridi kali, kwa sababu anaivunja. Salmonella haivunji. Mteremko mmoja wa bei ndogo.

Kwa hiyo, wanangu, rangi ya sahani ni ushahidi wa kusikia. Unachukua koloni moja, unalisafisha kwenye sahani isiyo na mitego, ndipo unaliuliza maswali kwa vipimo vya tabia zake: TSI, yurea, indoli, saitreti, mwisho antisera, kingamwili za kumtambua kwa jina. Koloni lililotolewa moja kwa moja kutoka midia chaguzi lina wenzake waliolala chini yake. Hawajafa, wamezuiwa tu. Ukiwabeba kwenye kipimo wanakuharibia jibu.

#7 Mpanzi_wa_Sahani
Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Mzee wangu, heshima zako. Nimekubali, haya ya Typhi niliisahau. Nikiri hadharani: mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwita Proteus Salmonella, mkuu wangu akanirudisha kwenye yurea mbele ya wanafunzi. Sijasahau rangi ile ya waridi.

#8 Mwanafunzi_Mwaka_wa_Pili
Jumatatu, saa 4:50 asubuhi

Mwalimu Mzee, nina mtihani Alhamisi. Kwa nini XLD na TCBS (sahani ya kipindupindu) haziendi otokilevu, ile sufuria ya mvuke wa presha ya kuua vijidudu, kama midia nyingine? Na kipindupindu kinatafutwaje kwa ufupi?

#9 Mzee_wa_Darubini
Jumatatu, saa 6:05 mchana

Moto wa otokilevu unavunja sukari na kuvuruga chumvi zile. Unachemsha hadi iyeyuke, unapoza hadi kama nyuzi 50, unamimina. Hakuna cha kuogopa, sumu yake yenyewe inazuia wachafuzi wengi.

Ila kwa midia zinazoingia otokilevu, kuna jambo ambalo kitabu cha Ulaya hakikwambii. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji yetu huchemka karibu nyuzi 94. Ukisoma "pauni 15, nyuzi 121" ukaweka geji pauni 15 hapa, ndani mna nyuzi kama 118 tu, kwa sababu hewa ya huku ni nyepesi na geji inapima tofauti yake na nje. Panda hadi pauni 18. Mombasa 15 inatosha. Nilihamishwa kutoka Pwani kuja huku miaka hiyo, nikahangaika wiki mbili na sahani zinazoota kabla hazijapandwa. Nililaumu unga, nikalaumu maji, nikamlaumu kijana wa kuosha vyombo. Kumbe mlima.

Kipindupindu. Vibrio cholerae anachukia asidi na anapenda magadi. Basi mpe magadi: choo kinaingia kwanza kwenye maji ya peptoni yenye pH (kipimo cha asidi na magadi) karibu 8.6, saa 6 hadi 8. Anazaliana haraka kuliko wenzake na kupanda juu kwenye hewa, kwa hiyo chukua tone la juu, usitikise. Lipake kwenye TCBS, sahani ya kijani, nayo pH 8.6, ina nyongo na sukrosi. Cholerae anakula sukrosi anatoka manjano, bapa, anang'aa. Binamu yake parahaemolyticus, wa samaki na kaa, haili, anabaki kijani. Na usifanye kipimo cha oksidesi juu ya koloni la TCBS, asidi ya sukrosi itakudanganya. Lihamishe kwanza kwenye agari ya kawaida. Swali hilo hutoka kila mwaka.

Kama sampuli inatoka mbali, iwe ndani ya Cary-Blair, midia ya kusafirishia. Choo kilichokauka kwenye mkebe juani hakina Vibrio wa kukuonyesha.

#10 Chapati_na_Madondo
Jumatatu, saa 8:30 mchana

Nina kibanda cha chakula Kawangware, na kila miezi sita kaunti inataka cheti cha afya cha wafanyakazi. Siku zote nimeona ni njia ya kula pesa zetu. Mtu mzima hana hata kikohozi, mnataka choo chake cha nini?

#11 Mpanzi_wa_Sahani
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Swali zuri kuliko yote humu. Kumbuka nilisema bakteria wa utumbo wanavumilia nyongo. Typhi amezidi: kwa watu wachache, baada ya kupona, anahamia ndani ya kibofu cha nyongo, hasa kama kuna vijiwe, na kukaa humo miaka. Mwenyewe haumwi popote. Lakini kila akienda haja anamtoa, na asiponawa anawapakulia wateja. Mary Mallon alikuwa mpishi New York, hakuwa mgonjwa, na familia alizopikia ziliugua moja baada ya nyingine. Walimtenga 1907, wakamwachilia 1910, akarudi jikoni, wakamshika tena 1915 hadi alipokufa 1938. Mtu wa namna hiyo humpati kwa kumtazama usoni. Unapata choo chake, unakiloweka usiku kwenye mchuzi wa selenaiti ambao unawadumaza E. coli na kumwacha Salmonella aongezeke, asubuhi unakipaka kwenye XLD. Na anatoa kwa vipindi, kwa hiyo choo kimoja safi hakitoshi kumwondolea mtu lawama.

Sasa kama cheti kinapatikana bila mtu kutoa choo, hapo malalamiko yako nayaunga mkono kwa mikono miwili.

Jingine la jikoni kwako: mwenye kidonda au jipu kidoleni asikande unga wala asishike chakula kilichoiva. Staphylococcus aureus anakaa puani na vidondani. Tunamtafuta kwa sahani yenye chumvi asilimia 7.5, mara mbili ya chumvi ya bahari. Wengi wanakauka, yeye anastarehe, anakula sukari ya manitoli na kuigeuza sahani ya waridi kuwa manjano. Akikaa kwenye chakula vuguvugu anatoa sumu, na sumu hiyo hata ukichemsha tena haiishi. Ndiyo ile ya kula harusini saa saba na kutapika kabla ya saa kumi na mbili.

#12 Chapati_na_Madondo
Jumatatu, saa 2:25 usiku

Haya. Kijana wa chapati ana bandeji kidoleni tangu Jumamosi. Kesho anahesabu pesa. Lakini niambie, hiyo agari mnayoitaja ni nini hasa?

#13 Mwanafunzi_Mwaka_wa_Pili
Jumatatu, saa 2:40 usiku

Hili najua! Ndiyo inayogandisha chakula cha sahani, na inatoka kwenye mwani mwekundu. Zamani walitumia jelatini, lakini nyuzi 37 inayeyuka na bakteria wengine wanaila. Fanny Hesse, mke wa daktari aliyefanya kazi na Robert Koch, ndiye aliyependekeza agari mwaka 1881. Alikuwa anaitumia jikoni kugandisha jeli. Sahani zenyewe zikaja 1887, za Petri.

Mwani wa akina mama wa Kibuyuni kule Kwale nao unaingia huku?

#14 Mzee_wa_Darubini
Jumatatu, saa 2:52 usiku

Hapana, ule unatoa karagini, inaenda kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Ndugu yake agari, lakini si yenyewe. Vizuri mwanangu, Alhamisi utapita.

#15 Makanga_Mstaafu
Jumatatu, saa 3:30 usiku

Sasa siku hizi si kuna mashine za PCR, zinazosoma vinasaba vya kijidudu? Hizi sahani za bibi za jeli mnazing'ang'ania za nini?

#16 Mpanzi_wa_Sahani
Jumatatu, saa 3:44 usiku

PCR inakupa jina la mwizi. Mimi nataka kujua pia ni pingu gani zinamfunga. Bakteria akiwa hai kwenye sahani namzungushia vidonge vya dawa na kesho naona ipi imemzuia na ipi anaidharau. Na stima ikipotea saa nne, sahani inanisubiri.

#17 Karatasi_Tatu
Ijumaa, saa 11:20 jioni

Wadau, mimi ndiye yule dada wa karatasi tatu. Nimefungua akaunti kwa sababu yenu. Jumamosi ile nilirudi hapo hospitali, daktari akasikiliza, akaniuliza kama nachomwa nikienda haja ndogo. Ni kweli, na mgongo wa chini umekuwa ukiuma, ila kule kliniki hakuna aliyewahi kuuliza. Damu ilitolewa kabla ya dawa: siku tano, hakuna kilichoota. Mkojo: E. coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita. Imeandikwa haisikii septrini. Kaka Mpanzi, ni wewe uliyeisoma?

#18 Mpanzi_wa_Sahani
Ijumaa, saa 12:05 jioni

Dadangu, majibu ya mtu sisemi hadharani hata akiyasema mwenyewe. Ila kwa wanaosoma: mkojo huwa tunaupaka kwa lupu (kipete cha waya cha kupandia) iliyopimwa, mikrolita moja, ili tuweze kuhesabu. Kwenye MacConkey E. coli anatoka waridi, kwenye CLED, sahani nyingine ya mkojo, anatoka manjano, na CLED inamfunga Proteus miguu asitambae sahani nzima. Septrini kutosikika tunaiona mara nyingi mno. Maliza dawa uliyopewa, rudi kwa daktari kama mgongo hautulii, na Widal hiyo usiipime tena.

#19 Mama_Wawili_Umoja
Ijumaa, saa 1:12 usiku

Wangu alikuwa na nimonia. Amelazwa siku tatu, jana tumetoka, leo ameomba chipsi. Kaka, Mungu akubariki.

#20 Makanga_Mstaafu
Ijumaa, saa 1:40 usiku

Boss, sasa mmenitia hofu, nami huwa nachomwa kidogo. Mkebe wa mkojo mnatoa ama nije na wa Blue Band?

#21 Mpanzi_wa_Sahani
Ijumaa, saa 1:43 usiku

Usije na wa Blue Band. Chukua mkebe safi wa maabara, wa kwanza mwaga chooni, kinga wa katikati, funika, ulete ndani ya saa mbili. Ukichelewa uweke kwenye friji, mbali na maziwa.